Mapanga ya upepo yakizeeka: Hesabu ngumu ya kuchakata plastiki mseto

IFIKAPO mwaka wa 2029, mitambo sita ya kwanza kati ya ile iliyosimama leo katika vilima vya Ngong, Kaunti ya Kajiado, itatimiza miaka 20 tangu ilipoanza kazi. Huo ndio umri ambao wahandisi kwa kawaida huukadiria wanapobuni mtambo wa kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo, ingawa mtambo uliotunzwa vyema huweza kuongezewa miaka mitano au hata kumi.

Siku mtambo utakaposhushwa, sehemu zake nyingi hazitakosa mnunuzi. Mnara ni chuma, jenereta ina shaba, na wafanyabiashara wa vyuma vikuukuu hawahitaji kubembelezwa. Kinachobaki uwanjani ni mapanga matatu, kila moja likiwa na urefu wa takribani mita 25, na hayo hakuna anayeyataka.

Idadi yake si ndogo. Ngong kuna mitambo 30 ya kampuni ya uzalishaji umeme, KenGen. Kipeto, pia katika Kaunti ya Kajiado, iko 60 yenye mapanga marefu zaidi, karibu mita 50. Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, mradi wa Lake Turkana Wind Power una mitambo 365, na ulianza kusambaza umeme katika gridi ya taifa mwaka wa 2018 kwa mkataba wa miaka 20. Katika maeneo hayo matatu pekee, Kenya ina mapanga 1,365 ambayo siku moja itabidi yapelekwe mahali fulani.

Swali la yatapelekwa wapi limewasumbua Wazungu kwa zaidi ya miaka 30, nao wametumia fedha nyingi kulijibu. Majibu waliyoyapata, na hasa yale yaliyoshindikana, yanastahili kujulikana hapa kwetu kabla siku hiyo haijafika.

Udongo uliokwisha kuchomwa

Panga la mtambo wa upepo limeundwa kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi. Katika makala haya tutaiita plastiki mseto, kwa kuwa ni mchanganyiko wa vitu viwili: nyuzi na gundi. Nyuzi huwa za kioo, au za kaboni pale ambapo wepesi na nguvu vinahitajika kwa pamoja. Gundi ni rezini, kimiminiko ambacho kikichanganywa na kemikali nyingine hugeuka kuwa kigumu. Fundi wa Mombasa anayeunda boti huuita mchanganyiko huo faiba, na fundi wa Nairobi anayeunda uso wa basi hulitumia neno lilo hilo.

Plastiki ya chupa ya maji hufanana na nta. Ukiipasha moto huyeyuka, ukiiacha ipoe huganda, nawe waweza kuimimina katika umbo jingine. Rezini nyingi haziko hivyo. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Rezini nayo ikishakauka ni sawa na chungu kilichokwisha kutoka tanuuni. Ukiipasha moto haiyeyuki, bali huungua.

Sifa hiyo ndiyo iliyoifanya ipendwe. Panga huzunguka usiku na mchana kwa miongo miwili, likipigwa na jua, mvua na mchanga, bila kuoza, kupata kutu wala kulegea. Kilichotengenezwa kisiharibike hakiwezi kulaumiwa kwa kukataa kuharibika.

Ujerumani Mashariki iliyaona haya mapema. Gari lake dogo, Trabant, lililoundwa kuanzia mwaka wa 1957 hadi 1991, lilikuwa na bodi ya rezini iliyoimarishwa kwa nyuzi za pamba, kwa sababu nchi hiyo ilikuwa na uhaba wa mabati. Magari yapatayo milioni tatu yaliundwa. Ukuta wa Berlin ulipobomolewa na watu wakakimbilia magari ya Magharibi, Trabant nyingi ziliachwa kando ya barabara, na wenye viwanda vya vyuma wakagundua kwamba bodi zake haziliwi na kutu wala haziyeyuki katika tanuri.

Mitumba iliyo ghali kuliko kipya

Watu wengi hudhani kwamba kinachokosekana ni ujuzi wa kutenganisha nyuzi na rezini. Sivyo. Ujuzi huo upo tangu miaka mingi. Kinachokosekana ni bei.

Njia inayofahamika zaidi ni kuoka vipande vya plastiki mseto katika tanuri lisilo na hewa ya oksijeni, kwa joto la takribani nyuzi 450 hadi 600 za Selisiasi. Rezini hugeuka kuwa mafuta na gesi, na nyuzi hubaki. Lakini kioo kikipitia joto hilo hupoteza nusu ya nguvu zake au zaidi, pamoja na ule utando mwembamba unaokisaidia kushikana na rezini mpya.

Sasa tupige hesabu. Nyuzi mpya za kioo hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na madini mengine ya kawaida, na kilo moja huuzwa kwa takribani dola moja hadi mbili. Mchakataji lazima alikate panga uwanjani, alisafirishe, alisage, alioke kwa moto wa gharama, halafu auze nyuzi dhaifu, fupi na zilizopoteza mng'ao. Mitumba ya Gikomba hununuliwa kwa sababu ni rahisi kuliko nguo mpya. Hii ni mitumba iliyo ghali kuliko nguo mpya, na haivutii mteja.

Wengine walijaribu kusaga tu, bila kuoka. Nchini Ujerumani, kampuni ya ERCOM ilianza kazi hiyo mapema katika miaka ya 1990, ikisaga vipande vya magari na kuuza unga wake uchanganywe katika plastiki mpya. Mashine zilifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo, unga huo ulikuwa ukishindana sokoni na unga wa mawe ya chokaa, bidhaa ambayo ni vigumu kupata iliyo rahisi kuliko hiyo. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake katika miaka ya 2000.

Hivyo basi, ardhi ikawa ndiyo mshindani mkuu wa kila mchakataji. Mjini Casper, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, mamia ya mapanga yalikatwa vipande vitatu vitatu na kuzikwa katika jaa la manispaa. Picha zake zilisambaa kote duniani mwaka wa 2020 na kuwaaibisha wengi waliokuwa wakiuita umeme wa upepo safi. Kwa mwenye mitambo uamuzi ule ulikuwa wa kawaida kabisa: ada ya kuzika ilikuwa ndogo kuliko gharama ya kuchakata.

Yaliyotokea Texas yana mafunzo makubwa zaidi. Karibu na mji mdogo wa Sweetwater, maelfu ya vipande vya mapanga yalirundikwa katika viwanja na kampuni moja iliyokuwa imelipwa na wenye mitambo ili iyachakate. Miaka ilipita, nyasi zikaota katikati yake, wakazi wakalalamikia mbu na nyoka, na kesi zikafika mahakamani.

Mtu asiharakishe kusema kwamba ni ulaghai tu. Mchakataji hulipwa anapopokea panga, si anapolimaliza. Kila panga linaloingia humletea fedha, na kila panga linalosagwa humtoa fedha. Mkataba ulioandikwa hivyo huzaa rundo hata mikononi mwa mtu mwaminifu, maana mwezi mauzo yanapodorora, jambo la kwanza kusimamishwa ni mashine. Atakayeandika mikataba ya aina hiyo hapa nchini na asome habari za Sweetwater kwanza.

Tanuri la saruji

Njia moja imeweza kujilipia kwa kiwango kikubwa, nayo si ya kupendeza sana kuisimulia. Ni tanuri la saruji.

Saruji huanza kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo kwa joto la takribani nyuzi 1,450 hadi yawe klinka, ambayo baadaye husagwa. Kazi hiyo huhitaji mambo mawili, moto na madini. Plastiki mseto ina vyote. Rezini huungua na kuchukua nafasi ya sehemu ya makaa ya mawe. Kioo, ambacho ni silika, alumina na chokaa, huyeyuka na kuingia katika klinka yenyewe. Kwa wastani theluthi mbili ya uzito wa panga hugeuka kuwa saruji na theluthi moja huwa kuni. Hakuna majivu ya kwenda kutupwa.

Kiwanda cha saruji cha Lägerdorf, kaskazini mwa Ujerumani, kimetumia mapanga yaliyosagwa kwa njia hii kwa miaka mingi. Nchini Marekani, kampuni za GE na Veolia zilitia saini mkataba mwaka wa 2020 wa kusaga mapanga katika jimbo la Missouri na kuyapeleka katika viwanda vya saruji. Japani, ambayo ina boti nyingi za faiba, iliweka mpango wa kitaifa mwaka wa 2005 ambapo mwenye boti kuukuu hulipa ada, boti husagwa, na unga wake hupelekwa kwenye tanuri la saruji.

Yapo masharti. Baadhi ya nyuzi za kioo zina madini ya boroni, na boroni ikizidi saruji huchelewa kushika, jambo ambalo hakuna mjenzi atakayelivumilia. Kwa hiyo kiwanda huchanganya kiasi kidogo kidogo. Vilevile mapanga lazima yasagwe vipande vidogo vya ukubwa uliolingana, na vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Mfanyakazi asiye na barakoa wala glavu hapaswi kuikaribia kazi hiyo.

Katika chumba cha habari tumewahi kubishana iwapo njia hii inastahili kuitwa kuchakata upya. Nyuzi ambazo zilitengenezwa kwa ustadi na kwa nishati nyingi hurudi kuwa mchanga wa bei ya mchanga. Kwa maoni ya mwandishi huyu, neno hilo limepanuliwa mno. Hata hivyo, ukilinganisha na shimo la Wyoming au moshi wa Dandora, tanuri la saruji ni hatua kubwa, na sababu yake ni ya kibiashara: mwenye kiwanda anahitaji kitu hicho. Hahitaji kuhurumiwa wala kushawishiwa, mradi tu bei ya makaa ya mawe iwe juu na ada ya kupokea taka iwe ya haki.

Kaboni hujilipia

Nyuzi za kaboni zina hesabu tofauti kabisa. Hutengenezwa kwa kupitisha nyuzi maalumu za plastiki katika matanuri ya zaidi ya nyuzi 1,000 za joto, na kilo moja mpya aghalabu huuzwa kwa dola 20 au zaidi. Zikiokwa ili kuondoa rezini, hazipotezi nguvu nyingi kama kioo. Hapo mchakataji huweza kuuza kwa bei ya chini kuliko mpya na bado akapata faida.

Shirika la Kenya Airways lilipokea ndege yake ya kwanza aina ya Boeing 787 Dreamliner mwaka wa 2014. Karibu nusu ya uzito wa ndege hiyo ni plastiki mseto, nyingi ikiwa ya kaboni. Mwaka wa 2018 Boeing iliafikiana na kampuni ya ELG Carbon Fibre ya Uingereza ili mabaki kutoka viwanda vyake 11 yachakatwe na kuuzwa kwa watengenezaji wa vifaa vya elektroniki na magari.

Tuzingatie kwamba yalikuwa mabaki ya kiwandani. Mabaki hayo ni safi, aina yake inajulikana, na hupatikana kila juma kwa kiasi kilekile. Ndege iliyoruka miaka 25 imepakwa rangi, ina misumari ya chuma na viraka, na huja moja moja. Bei ya nyuzi ni ileile, lakini gharama ya kuzifikia hupanda maradufu. Mambo mengi katika biashara hii huamuliwa na swali hilo la nani ana shehena safi na ya kutegemewa, kuliko linavyoamuliwa na wanakemia.

Rezini zinazokubali kufunguka

Wanakemia nao hawajalala. Mwaka wa 2021 kampuni ya Siemens Gamesa ilitangaza mapanga yenye rezini inayoyeyushwa kwa tindikali hafifu, na mwaka wa 2022 baadhi yake yalifungwa katika mradi wa Kaskasi, kwenye Bahari ya Kaskazini upande wa Ujerumani. Kampuni ya Arkema ya Ufaransa ina rezini iitwayo Elium ambayo huyeyuka kwa joto kama plastiki ya kawaida, na mwaka wa 2022 panga la mita 62 liliundwa kwayo. Mwaka wa 2024 watafiti wa maabara ya NREL nchini Marekani walieleza rezini inayotokana na sukari ya mimea, waliyoitumia kuunda panga la mita tisa.

Hayo ni ya mapanga yajayo. Kuhusu yaliyopo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walionyesha mwaka wa 2023 kwamba rezini ya epoksi iliyokwisha kukauka inaweza kufunguliwa kwa kichocheo cha madini ya rutheni. Walipata nyuzi nzima pamoja na kemikali inayoweza kutengeneza epoksi mpya. Ni kazi ya kuvutia, lakini rutheni ni madini adimu na ya bei ghali, na kipande cha panga kilihitaji siku kadhaa ndani ya chombo. Mwaka uo huo kampuni ya Vestas ilitangaza kwamba nayo ina mbinu ya kemikali ya kutengua epoksi. Kutoka chupa ya maabara hadi kiwanda kinachomeza tani elfu kadhaa ni safari ndefu.

Hata rezini hizo mpya haziondoi tatizo la fedha. Panga linalonunuliwa leo kwa bei ya juu kidogo kwa sababu linaweza kuchakatwa, litashushwa baada ya miaka 25. Faida ya uamuzi huo itamwendea mtu ambaye huenda hajazaliwa, ilhali gharama humwangukia mnunuzi wa leo. Bila sheria inayomlazimisha au kumzawadia, mnunuzi huyo atachagua panga la bei nafuu.

Ufaransa imelazimisha. Kanuni zake za mwaka wa 2020 zinataka sehemu maalumu ya uzito wa mapanga na kitovu chake itumike tena au ichakatwe, na kiwango hicho hupanda kulingana na tarehe ya kibali cha mradi. Kuhusu boti, tangu mwaka wa 2019 kila anayeuza boti mpya nchini humo huchangia mfuko unaogharamia kubomoa zilizozeeka. Mwenye boti kuukuu huifikisha kituoni kwa gharama yake, kisha halipi kitu. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakiziacha katika mikono ya mito usiku na kung'oa namba za usajili.

Kutoka Sarima hadi tanurini

Kuna njia nyingine isiyohitaji tanuri wala kemikali, nayo ni kulitumia panga kama lilivyo. Katika Kaunti ya Cork, Ireland, daraja la watembea kwa miguu na waendesha baiskeli lilijengwa kwa mapanga makuukuu mwaka wa 2022. Rotterdam, Uholanzi, mapanga yaligeuzwa bustani ya watoto kuchezea, na Aalborg, Denmark, panga moja limekuwa kibanda cha baiskeli. Ni mambo mazuri, lakini kila panga huhitaji kupimwa upya na mhandisi, na dunia haihitaji vibanda vya baiskeli kwa maelfu.

Pwani yetu inaujua utamaduni huo. Jahazi likizeeka Lamu au Zanzibar, mbao zake hununuliwa na maseremala wanaotengeneza viti, meza na fremu za picha kwa ajili ya watalii, na chumvi na makovu ya miaka mingi ndivyo vinavyopandisha bei. Boti ya faiba ikizeeka hulala ufuoni ikijaa maji ya mvua.

Kwa upande wa sheria, Kenya haijaachwa nyuma. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022, pamoja na kanuni za mwaka wa 2024, zimeweka msingi kwamba mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa nchini anawajibika kwa bidhaa hiyo hadi inapokuwa taka. Msingi huo ukitumiwa kwa plastiki mseto, fedha za kuchakata zitawekwa akiba siku bidhaa inaponunuliwa, katika mfuko ambao hautakufa hata kampuni iliyouza ikifa. Nazo zinapaswa kutolewa pale tu panga linapokuwa limekwisha kusagwa na kupokelewa kiwandani, si linapopakiwa lorini.

Mapanga 1,365 hayatoshi kukimu kiwanda cha kemikali kama wanachokiota watu wa Denmark. Yakijumlishwa na nyuso za mabasi, boti na matangi ya faiba, bado hayatoshi. Tanuri la saruji, kwa upande mwingine, halijali kama leo limeletewa tani kumi na mwezi ujao lisiletewe kitu, kwa sababu makaa ya mawe yapo ya kujaza pengo. Viwanda vya saruji nchini vimekwisha kuzoea kuchoma maganda ya mpunga na matairi makuukuu. Mashine ya kusaga inayobebwa na lori ndiyo kifaa kikubwa ambacho kingehitajika kuongezwa.

Gharama kubwa itakuwa njiani. Mradi wa Loiyangalani ulilazimika kukarabati kilomita 208 za barabara kutoka Laisamis hadi Sarima ili malori yafikishe mapanga hayo, na kutoka huko hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500. Kulirudisha panga likiwa zima ni kusafirisha hewa, kwa kuwa ndani yake limejaa uwazi. Likisagwa palepale Sarima, lori moja litabeba mapanga kadhaa. Ngong iko karibu zaidi na matanuri ya Athi River, na itatangulia kwa miaka kumi hivi. Mapanga 18 ya kwanza ya Ngong yangeweza kuwa majaribio: yasagwe, yapimwe boroni, yachomwe, na gharama ya kila tani iandikwe, ili itakapofika zamu ya Marsabit kuwe na bei halisi mezani.